Bibi Harusi wa Pango la Tatu

Kisangani, 15 Julai 1956

Papa wangu mpendwa,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, wala mama, wala padri katika kitubio, kwa sababu sijui kama ni dhambi. Nimeanza kusahau sauti yako. Uso wako ninao, mikono yako ninayo, hata namna unavyokohoa kabla ya kukaa ninayo. Lakini nikitaka kukusikia ukiniita, inakuja sauti ya mtu mwingine, mara ya ndugu yako tonton Évariste, mara ya padri. Jana nilikaa karibu na maporomoko nikajaribu kulisikia jina langu ndani ya kelele za maji. Sikulipata. Nikaona nikuandikie upesi, kabla sijapoteza na mengine.

Sasa nikusalimu inavyopasa. Hujambo, Papa? Mgongo wako unasemaje? Chakula cha huko kinakupatana? Sisi tuko wazima. Mama ana kikohozi, lakini ni cha moshi wa kukaushia samaki, si cha ugonjwa. Anakusalimu sana. Amesema niandike «sana» mara mbili: sana sana.

Shule imekwisha. Masista walitupa vyeti, na kila mmoja alipewa kitambaa alichoshona mwenyewe. Sista mkuu alisema mbele ya wazazi wote: «Émilie anajua sana, ila hakuna mtu aliyewahi kumsikia.» Watu wakacheka. Mama naye akacheka, halafu akanishika mkono.

Kuna habari nyingine. Jumapili baada ya misa alikuja tonton Évariste pamoja na Papa Timothée, mkubwa wa mawe anayesimamia nafasi za kuvulia. Tonton hakukaa. Alisemea mlangoni:

— Hélène, bwana yako iko wapi?

— Iko kazini. Unajua.

— Kazi gani? Mugenya muzima, mutu wa kuvua samaki, anaacha mayi, anaenda kuloba mende!

— Heri mende, — mama akajibu bila kuinua kichwa. — Samaki zako za juzi hata paka ya kwa jirani ilizikataa.

Papa Timothée alicheka mpaka akashika nguzo ya mlango. Alipomaliza kucheka akasema sheria. Unaijua kuliko mimi, lakini ninaiandika kama alivyoisema. Nafasi kwenye maporomoko ni ya nyumba inayoweka kikapu chake cha kunasia samaki majini. Miti yako uliyoisimika majini ya kufungia vikapu imesimama mwaka wa pili sasa bila kikapu, na kamba zinaoza. Maji yakishuka baada ya Noeli, wazee watakagua mawe yote. Wakikuta nafasi yetu iko vile vile, itapewa ndugu yako. Na nyumba inafuata nafasi. Mimi na mama tutarudi kijijini Yanonge kwa wajomba.

Mama anasema utakuwa umefika. Mimi ninauliza: utakuwa umefika?

Na unafanya nini huko hasa? Watu wakiniuliza sijui la kuwaambia, na usipojua unaonekana unaficha.

Binti yako,
Émilie


Kisiwani, 2 Septemba 1956

Binti yangu Émilie,

Barua yako imenikuta mzima, nikiwa nimekaa juu ya jiwe jeusi, ninakula mkate mkavu. Mgongo unatii. Msalimu mama, sana sana, na umwambie mkate wa hapa hauwezi hata kuubeba mzigo wa kwanga yake ya muhogo.

Juu ya sauti yangu usiogope, si dhambi. Mimi ninayo yako. Ulikuwa unasema kidogo, na kilicho kidogo mtu hukitunza.

Sasa nikuambie kazi yangu, uwe na la kujibu. Visiwa hivi vya Wareno viko katikati ya bahari, na kila kimoja ni mlima uliotoka chini ya maji ukiwaka. Moto wake ulitiririka kama uji mzito. Juu uji huo ukapoa ukaganda, chini ukaendelea kukimbia mpaka ukaisha, ukaacha njia tupu kama bomba kubwa. Mtu anatembea ndani bila kuinama. Hayo ndiyo mapango yetu. Mlango wake mara nyingi ni tundu darini, mahali ambapo mwamba umeanguka, kwa hiyo kushuka kunataka kamba na mtu asiyeogopa kuning'inia. Profesa wa wadudu, bwana wangu wa kazi, aliniona kwetu nimesimama juu ya mti unaotetemeka, maji yakipiga kelele chini yangu, akasema: «Huyu.» Ni hivyo tu. Ninafunga ngazi, ninashuka wa kwanza, nikiona pako salama ninaita. Désiré, mpishi wetu, mtu wa Isangi, anabaki juu akiimba ili tujue tundu liko upande gani.

Ndani tunatafuta nyenje. Si kama nyenje wa kwetu. Ni weupe kama wali. Hawana mabawa. Mahali pa macho pako laini tu, kama ukucha. Lakini papasi zao za kichwani ni ndefu kuliko mwili, na wanapapasa mbele yao kama mtu anayetafuta kiberiti gizani. Wanakula mizizi ya miti ya juu, ambayo imepenya mwamba na kuning'inia ndani kama nywele.

Upofu wao haukunishangaza sana. Kilichonishangaza ni kwamba juu ya pango hilohilo, kwenye nyasi, wako nyenje weusi wenye macho na mabawa, wanaoimba jua likizama. Na Profesa anasema hao ni ndugu zao, damu moja.

Kandarasi yangu inaisha Desemba. Nitapanda meli kabla ya Noeli, na maji yakishuka nitakuwa juu ya miti yetu. Mwambie Évariste aendelee kumtafutia yule paka samaki wa kumpendeza.

Papa yako


Kisangani, 14 Oktoba 1956

Papa mpendwa,

Amani ya nyumbani ikufikie huko kwenye jiwe lako. Kikohozi cha mama kimepungua. Mimi ni mzima, nimekua kidogo, gauni la shule limenifika magotini.

Nilimsomea mama barua yako, akaniambia nisome tena, na mara ya pili majirani walikuwa wamejaa uani. Nilisoma nikitazama karatasi tu, masikio yakiwaka moto. Nilipofika kwa nyenje, mama akanikatiza:

— Hapana macho?

— Hapana, mama.

— Masikini. Sasa nani anawapikia?

— Wanakula mizizi.

— Mibichi?

Akatikisa kichwa, akasema huyo Profesa angekuwa na roho angewapelekea hata pondu ya majani ya muhogo. Tangu siku hiyo watoto wa kwenye mawe wanafumba macho na kunyoosha mikono, wanapita wakigongana: «Mimi ni nyenje ya Papa Urbain!» Usikasirike. Zamani walikuwa hawakutaji kabisa.

Papa, kuna maswali yananinyima raha. Nani aliwaondolea macho hao wa chini? Katika katekisimu tulisoma kwamba Mungu aliumba kila kiumbe kwa aina yake. Kama aliumba wa juu na wa chini mbali mbali, wangekuwaje ndugu? Na kama ni ndugu, waliachanaje? Nilikutana na sista mkuu sokoni, nikamsimamia mbele ili nimuulize. Akangoja. Akasema: «Ndiyo, Émilie, unataka nini?» Nikasema nilitaka kukusalimu, ma sœur. Nikaondoka hata mboga sikununua.

Na swali la mwisho, ambalo hasa ndilo langu. Inachukua muda gani mpaka ndugu wasijuane tena? Nyenje wa chini akitolewa juu, yule wa nyasi atamtambua? Ninakuuliza wewe kwa sababu uko huko, na mimi niko huku, na kati yetu kuna bahari na mto mzima.

Maji bado ni mengi. Miti yetu inaonekana vichwa tu.

Binti yako,
Émilie


Kisiwani, 18 Novemba 1956

Émilie wangu,

Ni mzima, namshukuru Mungu, ila moyo hauko sawa. Nitakueleza mwishoni. Kwanza maswali yako, maana nilimsomea Profesa naye akaacha supu yake ipoe.

Anasema hakuna aliyewaondolea macho. Kila mzazi anazaa watoto wasiofanana naye kabisa. Huyu papasi zake zimezidi kidogo, yule macho yake ni hafifu kidogo. Juu kwenye nyasi, mwenye macho hafifu analiwa na ndege mapema, hazai. Lakini wale wa kale walioingia chini kufuata unyevu na mizizi, hakuna ndege aliyewafuata. Huko macho hafifu hayamdhuru mtu, na papasi ndefu zinamfikisha kwenye chakula kabla ya wenzake. Basi mwenye papasi ndefu anazaa zaidi, na watoto wake wanafanana naye, na wajukuu vivyo hivyo. Hakuna hata mmoja aliyeamua kugeuka. Wanaishi tu, wanakufa, na kila kizazi kinasogea unywele mmoja.

Nikamwambia: labda walikuwa vipofu tangu mwanzo wa dunia. Akacheka, akapiga mwamba kwa mguu. «Urbain, mwamba huu ni mtoto. Wakati mawe ya maporomoko yenu yalikuwa tayari mazee, hapa palikuwa maji matupu. Hakuna kipofu aliyeweza kuwa hapa tangu mwanzo.» Babu zao waliletwa na upepo au na gogo linaloelea, wakiwa na macho yao. Upofu wameupatia hapahapa.

Halafu mlima ukatapika tena. Mto mpya wa moto ukapita katikati, ukaziba njia, pango moja likawa mapango matatu. Tangu hapo wa pango la kwanza wanaoana wao kwa wao, wa pili wao kwa wao, wa tatu wao kwa wao. Mabadiliko ya hawa hayawafikii wale. Hivyo ndivyo aina mpya inavyozaliwa, anasema Profesa, polepole mno, na hakuna asubuhi ambayo ungeweza kusema: leo.

Wanatofautiana hata mahali jicho halioni. Kwa kuwa hawana bawa la kuimbia, dume akitaka mke anapiga tumbo lake juu ya mwamba. Sikio halisikii. Mimi ninauma kijiti kwa meno na ncha yake nyingine ninaiweka kwenye jiwe, basi sauti inaingia kichwani, kama ngoma ya lokole ya kijiji cha mbali sana. Wa pango la kwanza anapiga haraka haraka kisha ananyamaza. Wa pango la tatu anapiga polepole, kama mtu anayefikiri.

Sasa niseme nilichofanya. Katika pango la tatu tulipata jike mmoja tu. Tulimtafuta kwa majuma mengi, ni wa thamani kwa Profesa kuliko saa yake. Alikaa peke yake katika chupa, na chupa iliyokuwa kando yake ilikuwa na madume wa pango la kwanza. Nilimtazama nikamwonea huruma. Unajua kwetu mtu haoi katika kijiji chake. Mke anatoka kijiji kingine, ndiyo adabu na ndiyo afya. Nikafikiri: hawa ni kijiji kingine, ndio hasa wanaomfaa. Nikamtia ndani yao. Hata nilifurahi, nikamwambia Désiré leo tuna bibi harusi.

Madume walipiga na kupiga. Yeye hakugeuza hata papasi. Kwake ilikuwa kelele tu. Asubuhi nilimkuta amekufa, wamemla mguu.

Profesa hakupiga kelele. Aliketi juu ya sanduku, akashika kichwa. «Urbain, si kijiji kingine. Ni watu wengine.» Basi.

Nimemwambia nitashuka kumtafuta mwingine. Amesema nisubiri ngazi mpya itoke mjini. Lakini meli yangu iko karibu, na siwezi kuondoka nikiwa nimemharibia mtu kazi yake namna hii. Jumatatu nitashuka peke yangu, Profesa akiwa bandarini.

Muda unaouliza, ni vizazi maelfu. Miaka miwili mimi kuwa mbali si kitu. Mtu mmoja hawezi kugeuka aina nyingine kwa sababu ya safari. Msomee mama hapo mara mbili.

Papa yako


Kisangani, 23 Desemba 1956

Papa,

Noeli njema, popote barua hii itakapokukuta. Huenda ikakupita njiani. Natumaini itakupita.

Nilipomsomea mama habari ya bibi harusi alicheka mpaka machozi, halafu ghafla akasema: «Peke yake? Anashuka peke yake?» Tangu siku ile hajataja nyenje.

Amefua shati lako la kijani, ameliweka juu ya kiti. Kila masua, ile meli ya mtoni, ikifika kutoka Léopoldville mimi ninakwenda bandarini. Ninasimama nyuma ya magunia ili watu wasiniulize ninamngoja nani. Nimejifunza kuwatambua abiria kwa miguu yao wanaposhuka kwenye ubao, kwa sababu vichwa vinachanganyikana. Miguu yako sijaiona.

Tonton Évariste ametuletea kwanga na nusu ya mbuzi kwa ajili ya sikukuu. Alikaa, akamuuliza mama juu ya kikohozi, akatengeneza mlango unaolegea. Ingekuwa rahisi kama angekuwa mbaya. Alipokuwa anatoka alitazama miti yako majini kwa muda mrefu, kama mtu anayetazama nguo atakayopewa.

Andika hata neno moja.

Émilie


Kisangani, 3 Februari 1957

Papa,

Bado hakuna neno lako. Ninaandika tu ili posta isizoee kukaa bila jina lako.

Maji yameshuka. Mawe yote yako nje, yanakauka mgongoni. Wanaume wanabeba miti mipya, wanaimba siku nzima. Nafasi yetu iko katikati yao kama jino bovu. Kamba moja imekatika, inachezacheza juu ya maji.

Papa Timothée ametangaza: ukaguzi ni baada ya Jumatano ya Majivu. Mama alikwenda kumwomba aongeze muda. Alirudi, akaanza kufunga sufuria kubwa kwenye mkeka. Nilimshikia mkeka.

Ninajaribu kusadiki kwamba miaka miwili si kitu.

Binti yako


Kisiwani, 20 Januari 1957

Binti yangu,

Unisamehe ukimya, na barua hii nayo itachelewa, maana meli ya posta inapita hapa mara moja kwa mwezi. Nilikuwa hospitali ya mjini, na baadaye nilikuwa na mkono wa kuandika lakini sikuwa na uso.

Nilianguka. Ngazi ya zamani ilishika, ni mimi niliyeharakisha. Taa ilivunjika, mguu wa kushoto ukavunjika chini ya goti. Désiré alikuwa kisimani. Nilikaa katika giza ambalo hulijui, Émilie. Hata ukiweka mkono mbele ya uso huuoni, na baada ya muda unaacha kufungua macho kwa sababu hakuna tofauti. Nikaelewa mambo ya macho bila Profesa.

Kijiti changu cha kusikilizia kilikuwa bado kimening'inia shingoni. Nikakiuma, nikagusa mwamba, ili nisikie kitu kingine kuliko pumzi yangu. Dume alikuwa karibu. Alipiga polepole, akangoja. Akapiga tena. Halafu nikasikia kitu ambacho sijapata kukisikia: akajibiwa. Jibu dogo, kama tone. Jike alikuwa kwenye mzizi, karibu na kichwa changu, ningeweza kumfunika kwa kiganja. Chupa ilikuwa mfukoni, haikuvunjika. Sikuitoa. Nililala nikiwasikiliza wakiitana mpaka Désiré alipokuja.

Mfupa umeshikamana, lakini umepinda, na goti halikunjiki. Ninatembea kwa fimbo. Ninaweza kusimama juu ya ardhi. Juu ya mti, maji yakiwa chini, siwezi wala sitaweza tena.

Nimelala miezi nikijiuliza Mgenya asiyeweza kupanda miti ni nini. Nitakuja nikae uani, watu wapite na vikapu, waniamkie kwa sauti ya kumwamkia mgonjwa? Profesa amenipa kazi ya kulinda stoo yake hapa. Nimekubali. Évariste ana mikono na si mtu mbaya. Mpeni nafasi bila ugomvi. Nendeni Yanonge. Nitatuma mnachohitaji.

Usimsomee mama habari ya giza. Msomee ya mguu.

Papa yako


Kisangani, 17 Machi 1957

Papa wangu,

Nakusalimu kwa furaha ambayo haiwezi kukaa kwenye karatasi. Uko hai. Barua yako ilifika Jumamosi, siku chache kabla ya Majivu, nikaisoma kwanza nimesimama mlangoni mwa posta, watu wakinisukuma.

Nilimsomea mama ya mguu. Nyingine niliiruka. Alisikiliza akigeuza samaki juu ya moshi. Nilipomaliza akauliza:

— Ni muguu tu?

— Mguu tu, mama.

— Na kwa hiyo anabaki kule?

— Anasema hivyo.

— Mimi niliolewa na muguu?

Akageuza samaki mwingine. Akaungua kidole, akatukana, na hapo ndipo alipolia. Usiku alikuwa ametulia, akaendelea kufunga vyombo, kwa sababu sheria ya mawe haina habari na machozi.

Sasa, Papa, ninakuambia nilichofanya, na ni wewe peke yako utakayejua.

Asubuhi ya Jumatatu kulikuwa na ukungu mzito, ule unaomficha mtu hata kwa anayesimama karibu naye. Nilitoka kama ninakwenda kuchota maji. Nilikuwa na kamba mpya za msituni nilizokuwa nimezilowesha ndani ya mtungi, na kile kikapu kidogo ulichokiacha chini ya dari. Nikafunga gauni kati ya miguu, nikafunga kamba moja kiunoni, nikapanda.

Wanasema mwanamke akipanda miti ile maji yanakasirika. Maji hayakukasirika. Yalipita tu. Nilikuwa ninaogopa sana, lakini mikono ilikuwa inajua. Miaka yote ulipokuwa ukisuka kamba uani, ni mimi niliyekushikia ncha ya pili. Nilidhani nitafanya kama wewe, nikaona haiwezekani. Wewe unasimama, mkono mmoja hewani. Mimi mikono yangu ni mifupi. Basi nilikumbatia mti kwa magoti, nikatambaa, nikafunga nikiwa nimelala juu yake kwa tumbo. Si namna ya Wagenya. Lakini mimi ni mwepesi. Mti uliokuwa unatetemeka chini yako, chini yangu ulitulia. Asubuhi tatu za ukungu nilifunga kamba zote. Ya tatu nikateremsha kikapu. Nilianguka mara moja juu ya jiwe, ubavu ukawa mweusi. Mama nilimwambia niliteleza nikifua.

Alhamisi baada ya Majivu wakaja kukagua. Nilikuwa nimesimama na wanawake, na beseni kichwani. Tonton Évariste alifika wa kwanza kwenye miti yetu, akasimama kama mtu aliyekuta mwingine kwenye kitanda chake.

— Nani alifunga hapa?

Tonton akapanda, akashika fundo, akaligeuza.

— Hii ni mukono ya Urbain. Ona. Anapitisha chini mara mbili.

— Urbain iko mbali, — Papa Timothée akasema.

— Basi ni muzimu yake!

— Muzimu haiweki kikapu. Vuta tuone.

Wakavuta. Mlikuwa na samaki mmoja, si mkubwa, lakini alikuwa anaruka. Watu wakaguna. Tonton akashuka, akatutazama wote, macho yake yakanifikia mimi.

— Wewe mutoto. Ni nani aliweka kikapu?

Papa, niliona sista mkuu, niliona soko, niliona kila mahali nilipopata kunyamaza. Nikasema kwa sauti hata wanawake waligeuka:

— Ni nyumba yetu iliyoweka.

Sikudanganya. Papa Timothée akanitazama muda, akatazama ukingo wa gauni langu, ambao ulikuwa umechanika, akatazama mto. Kisha akapiga fimbo yake juu ya jiwe.

— Nyumba iliweka. Sheria haiulizi zaidi. Tunaenda kwa ingine.

Mama amefungua mkeka, sufuria imerudi jikoni. Anafikiri umemtuma mtu wa siri. Ananitania kwamba Papa Urbain ana wafanyakazi kila mahali, hata kwenye ukungu.

Kwa hiyo usikae huko ukilinda stoo. Hujaambiwa upande. Njoo na mguu ulio nao. Utakaa juu ya jiwe letu asubuhi, fimbo magotini, na ukungu ukiondoka watu watakuta kikapu kimeinuliwa na wewe uko pale, wajaze wenyewe mengine. Utaniambia fundo lipi linalegea. Siwezi kuendelea peke yangu mpaka maji makubwa, na si kwa sababu ya miti. Ninachoka kuwasomea watu barua zako, nikitoa maneno yako kwa mdomo wangu. Nataka uyaseme wewe.

Lakini tonton asijue, wala Papa Timothée hata kama anajua, wala mama. Wakijua ni msichana, nafasi itakuwa imenajisika na kila kitu kitarudi kwenye mkeka. Tafadhali, Papa, jambo hili liweke mahali usipoweka kitu kingine. Na ukinijibu, jibu kwa kuja, au andika habari ya hali ya hewa tu. Mama bado anakaa mbele yangu nikisoma, anautazama uso wangu wala si karatasi, na mimi bado sijui kuruka mstari bila uso kunigeuka.

Binti yako,
Émilie